Vikwembe Tulivyotandika Barabarani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na usinikatize. Nilikuwa msichana, tukiishi hapa hapa Kindu, upande wa Mikelenge. Askari wa serikali walikuwa wamekwisha kukimbia, wengine na kuku zetu mkononi, na waasi wakawa wanaingia kwa miguu, mabuti yamejaa tope. Tukatoka wote. Wanawake wakafungua vikwembe viunoni wakavitandika njiani, maana kwetu mkubwa akifika hakanyagi udongo. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Eti wakombozi!

Mama yangu njo peke yake hakutandika. Alisimama mlangoni akawauliza majirani, "Munawatandikia hawa nguo, kuko mumoja wenu anajua hata jina ya mumoja wao?" Wakamcheka. Wakasema Mama Saidi amezidi kununa.

Saidi alikuwa kaka yangu, hata ndevu hazijaota. Aliwaona vijana wa rika lake wanakanyaga nguo za mama zetu na bunduki begani, watu wanawashangilia, akawatamani. Jioni akasema anakwenda nao. Mama akamshika shati, likachanika. "Niache, mama. Nitarudi kamanda." Akaenda.

Haukupita muda, vita ya pili ikaanza. Wakombozi wetu wakakimbia, wakaingia wengine. Na sisi? Tulifua vikwembe vilevile, tukavitandika tena! Safari hii mama alitoka, lakini si kuimba. Alimuuliza kila askari aliyepita, "Mutoto wangu Saidi iko wapi?" Mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki, akaanguka palepale juu ya nguo, na wimbo ukaendelea. Aliuliza hivyo mpaka akafa. Wakubwa wa pande zote walikuja kupatana, wakagawana viti Kinshasa, na hakuna hata mmoja aliyetuma mtu kutuambia Saidi alianguka wapi. Inaniuma, siwezi kuficha.

Halafu jana wewe unanijia na tisheti yenye uso wa mgombea, unataka kikwembe changu, eti anashuka na ndege, muende mumutandikie. Hujui hata alikuwa wapi sisi tulipokuwa tumekimbilia porini tunakula mihogo mibichi. Nimekunyima. Nuna ukipenda.

Sikukatazi kupiga kura, piga. Lakini mkubwa akija, msimamisheni kwanza. Aseme mbele ya watu vijana wetu anataka kuwapeleka wapi, na nani atawarudisha nyumbani. Akikasirika, basi mmekwisha kumjua. Mimi naamini ni shangwe yetu iliyomchukua kaka yangu, bunduki ilimalizia tu. Msimshangilie mtu mkaua ndugu zenu kwa furaha.

Nimesema. Mungu akupe uzee, mwanangu, na siku yako ikifika, watoto wako mwenyewe njo wakuzike.