Viti Vipya vya Gari la Baba

Nililisikia gari la baba kabla sijaona chochote. Kwanza kikohozi, kisha mngurumo ule uliozoea kutetemesha vikombe kabatini. Nilikuwa nimejilaza chumbani mchana, na baba tulikuwa tumeshamzika. Kaburi lake lilikuwa bado halijaota nyasi.

Niliingia chini ya kitanda. Nawaambia ninyi nisichowahi kumwambia mtu: niliogopa kwamba amerudi, nikaogopa zaidi kwamba nitatoka nikute si yeye.

Hakuwa yeye. Alikuwa Saidi, fundi wa viti kutoka Mumias, aliyelitoa gari chini ya turubai na kulisogeza uani penye mwanga. Lilikuwa gari la mbio la zamani, jekundu lililopauka, la milango miwili na pua ndefu, lisilofaa hata kidogo kwa barabara yetu ya matope. Baba alinywea chai humo, akasomea gazeti humo, akanifundisha kuhesabu humo mvua ya alasiri ikipiga paa. Ndani ya nyumba hakuwa na kiti. Wageni wakiuliza mwenye boma hukaa wapi, mama alionyesha dirishani: "Kule. Alinioa mimi, akahamia kule."

Kiti chake kilikuwa kile cha dereva, na sasa ndicho kilichotutisha. Katika ukoo wetu, ndugu wa marehemu akikalia kiti chake mbele ya wazee, amerithi vyote: boma, watoto na mjane. Baba mdogo Lumbasi alikuwa ametuma habari kutoka Khwisero kwamba Jumapili anakuja. Shangazi aliniambia huku akinisuka, "Jumapili utapata baba tena." Ngozi ya kichwa ilinikaza, na si kwa sababu ya nywele. Nilikuwa nimeona wake za baba mdogo wanavyonyamaza akikohoa tu mlangoni.

"Asalaam aleikum, bibi mdogo," Saidi aliniita. "Lete mafuta. Nati hii imeng'ang'ania kama mkwe."

Viti vya zamani vilitoka na kutu, maganda ya karanga na harufu ya koti la baba lililonyeshewa. Saidi akavipangusa vile alivyovileta. "Vimetoka kwa gari ya mwalimu mkuu mstaafu. Visije vikaifundisha hii kutembea polepole!"

Mama hakucheka. "Hicho cha dereva cha zamani kiingize ndani."

Saidi alimtazama. "Mama Ayuma, unajua unachofanya?"

"Kaza nati, fundi."

Alikifunga kiti juu ya sanduku la mbao, pale sebuleni. Kilikuwa na bonde pale mgongo wa baba ulipoegemea. Nilipita mbali nacho, nimebana ukutani, nikiamini kwamba bonde lile lingeweza kupumua.

Jumapili baba mdogo hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja garini, akaketi, akashika usukani, akapiga honi. Wazee aliokuja nao wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa dirishani. Yameisha, niliwaza. Ameketi.

Kisha akaingia, kifua mbele, wazee nyuma yake. Mama alikuwa juu ya kiti cha baba, ungo wa maharagwe mapajani, akiyachambua.

"Karibu, shemeji. Sofa ya wageni ile pale."

"Hicho ni nini unakalia?"

"Kiti cha mume wangu."

"Cha kaka nimekikalia saa hii. Wazee wameona!"

"Wameona umekalia kiti cha mwalimu mkuu," mama alisema. "Muulizeni Saidi."

Mzee mmoja alianza kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Baba mdogo hakukohoa. Alisogea mpaka kivuli chake kikafunika ungo.

"Inuka."

Nikaona maharagwe yakirukaruka kwenye ungo, na hakuna aliyeupepeta. Sijui nani alinisukuma. Nilivuka sebule, nikapanda kwenye kiti kile nilichokiogopa, nikajibanza ubavuni mwa mama. Bonde la baba lilitutosha.

"Gari chukua," mama alisema. "Funguo iko mezani."

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba mama yangu hakuwa na woga, na kwamba gari zuri vile alilitoa kama anayempa jirani chumvi. Juzi juzi, nimekaa mbele ya watu walionitaka niinuke, ndipo nilipokumbuka yale maharagwe. Magoti yake yasingembeba siku ile. Alilijua hilo tangu alipomwita fundi, akajiandalia mahali pa kuogopea ambapo hakuna ambaye angeweza kumhamisha.

Siku ile wazee walikuwa wameshatoka; kiti cha marehemu walikuwa wamekiona, na aliyekikalia pia. Baba mdogo alitazama kiti, akatutazama sisi, akachukua funguo bila kuaga. Mlango ukafungwa nyuma yake.