Kabla Hamjakata Tikiti za Meli

Siku tuliyopanda meli pale Mwaya naikumbuka kwa magoti, mwanangu, maana ndiyo yaliyosafiri. Macho yangu yalikaa nyuma ya magunia ya mchele. Nakuambia haya leo kwa sababu mama yako amenipigia simu kutoka Mbeya, akanieleza kwa furaha kwamba baada ya harusi wewe na mkeo mtakwenda kutembea na meli, na kwamba kwa wema wako umeamua kuwachukua wazazi wa pande zote mbili, na shangazi yako, na yule mjomba wa mkeo anayekoroma. Nimeguna hapa Kihesa mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Basi keti unisikilize, na usinikatize, kwa sababu jambo hili limeniudhi tangu enzi za Mwingereza na bado halijamaliza kuniudhi.

Babu yako Asegelile, wakati ule, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa pale Mbeya. Mimi Mhehe wa Iringa, wa hapa hapa Kihesa, yeye Mnyakyusa wa Rungwe, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao. Alikuwa mtu mwema. Shida ya wema wake ni kwamba alitaka kumfurahisha kila mtu siku moja. Mwaka ule alipata kazi nyingi za kushona, akaniahidi matembezi. Si kwenda msibani, si kwenda kuuguza mtu. Matembezi kabisa: tupande meli Mwaya, tupite ziwa Nyasa mpaka Mbamba Bay, turudi. Mimi nilikuwa sijaona maji mapana kuliko Ruaha Mdogo. Niliwatangazia wanawake wote wa sokoni kwamba nikirudi nitawasimulia milima inayoingia ziwani. Niliringa, sikufichi.

Asubuhi ya safari, tukiwa tayari tumekaa ndani ya basi, ndipo akaniambia kwamba baba yake atapandia Tukuyu. "Mzee naye hajawahi kuona meli," alisema. "Ningemwachaje?"

Ninyi wa siku hizi labda hamjui uzito wa maneno hayo. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Sisemi kuinamisha kichwa kidogo halafu basi. Akitokea njiani, unaingia migombani. Akikaa uani, wewe uko nyuma ya nyumba. Humwoni usoni, naye hakuoni, na sauti yako asiisikie. Ni heshima, na mimi niliishika sawasawa ingawa sikuzaliwa nayo, maana sikutaka mtu aseme kwamba mwanamke wa Iringa amekuja kumvunjia mzee heshima. Wala haikuwa kazi ngumu. Kule Rungwe kuna migomba kila mahali. Kwenye meli hakuna migomba.

Mzee alipopanda, nilimwambia Asegelile hivyo hivyo, kwa kunong'ona, nimejifunika khanga kichwani, nimesukumwa hadi kiti cha nyuma kabisa cha basi. Akanijibu, "Meli ni kubwa, mke wangu. Hamtakutana." Alikuwa hajaiona hata siku moja.

Basi tuliiona. Kwa mizigo ilikuwa kubwa. Wazungu walikuwa juu, kwenye vyumba vyao na viti vya turubai. Sisi wa daraja la chini tulipewa sitaha, pamoja na magunia, kuku, baiskeli na mikungu ya ndizi. Nafasi iliyobaki kwa watu ilikuwa kama sebule hii pamoja na jikoni pale. Asegelile akamweka baba yake upande wa kushoto, upande wa milima, mahali pazuri kuliko pote. Mimi akanipeleka upande wa pili, nyuma ya mchele wa Kyela, nikachuchumaa kati ya gunia na ukuta wa chuma. Akanipa chungwa, akaniambia nifurahie safari.

Na choo, mwanangu, kilikuwa upande wa mzee. Kila nilipobanwa, Asegelile alikwenda kwanza kwa baba yake na kukohoa. Mzee anageuka kutazama maji. Asegelile anashika khanga yangu ya pili kwa mikono miwili, anaitandaza kama pazia, mimi napita nyuma yake nimeinama, na sitaha nzima inaangalia. Watoto walitusindikiza. Kufikia mchana niliacha kunywa maji, kwenye joto lile la ziwani ambalo sisi watu wa baridi hatulijui.

Jirani yangu pale kwenye magunia alikuwa Bi Mwanaidi, mama mtu mzima, mfanyabiashara wa khanga pale Mbeya, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Alikuwa amezoea meli. Alikuja na mkeka, birika, ndimu za kunusa kichefuchefu kikija, na kikapu kimoja tu cha nguo. Asegelile alikuja na jiko la mafuta ya taa, masanduku mawili na mwavuli. Bi Mwanaidi alitazama vile vitu, akanitazama mimi. Alinikatia ndimu.

Kilichonimaliza ni wale wadudu wa ziwani, kungu. Watu waliwaona wakipanda kutoka majini kama moshi wa shamba linalochomwa, mrefu mpaka mawinguni. Sitaha nzima ikakimbilia upande wa kushoto. Watoto wanaonyesha kwa vidole, akina mama wanataja jina la Mungu, hata kuku walisumbuka. Mimi nilitazama gunia. Nililijua gunia lile uzi kwa uzi.

Asegelile aliporudi, uso umejaa furaha, akauliza, "Umeona?"

Nikamwambia, "Meli ikifika Manda, mimi nashuka. Nitapanda mlima mpaka Njombe, na kutoka Njombe najua njia ya kwetu. Usinifuate Kihesa." Sikuwa natania. Nilikuwa nimeshaanza kufunga nguo zangu kwenye khanga. Mwanamume aliyeniahidi dunia nzima, halafu akaniweka pamoja na mizigo, nilimwona hanifai.

Hapo ndipo Bi Mwanaidi akamwita. Hakupunguza sauti. "Wewe kijana, njoo. Mkeo umemleta kutembea au umemleta kulinda mchele?"

"Mama, ningefanyaje? Wote ni wangu."

"Ni wako, nani amekataa? Basi ungewafanyia safari mbili. Mtu anatazama kwanza nani atakaa na nani, ndipo akate tikiti. Wewe umekata tikiti, sasa unatafuta pa kuwaweka watu kama nguo zilizozidi sanduku. Na huyu mtoto wa watu kesho atakuwa kwao. Utawaambia nini wenzio huko barazani kwako, kwamba ziwa ni zuri?"

Asegelile alisimama na mwavuli wake kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nilimwonea huruma kidogo, lakini fundo la nguo sikulifungua. Nilijua kwamba mzee naye amesikia kila neno, maana hata wale wa juu nafikiri walisikia, na aibu ilinichoma.

Asegelile akaenda kwa baba yake, kisha akarudi, akachuchumaa mbele yangu. "Baba anasema analala," aliniambia. "Anasema hii milima iko kwao, haitahama, ataiona siku nyingine. Anasema wewe njoo utazame."

Nilichungulia pembeni ya gunia. Mzee alikuwa palepale kwenye nafasi yake nzuri, amejifunika blanketi kichwani mpaka magotini. Lile blanketi zito la Rungwe, la kijivu, la kukabili baridi ya asubuhi za mlimani. Jua la mchana, joto la ziwa, na yeye ndani yake kimya. Mkamwana ndiye anayejifunika, mwanangu. Siku zote ni mkamwana. Sijasikia kabla wala baada ya siku ile baba mkwe aliyejifunika yeye.

Nilisimama. Magoti yalilia. Nikaenda mpaka ukingoni, hatua chache kutoka alipokaa, nikaona milima. Inashuka moja kwa moja majini, hakuna ufuo, maji meusi na msitu juu yake, na mto mwembamba mweupe unaanguka kutoka juu sana. Nililia pale bila kutoa sauti, maana sauti yangu hakupaswa kuisikia. Pembeni yangu niliona miguu yake tu, yenye nyufa, na jasho likidondoka kutoka kwenye pindo la blanketi. Alikaa hivyo mpaka tukapita Manda. Sikushuka.

Bi Mwanaidi ndiye aliyetupangia yaliyobaki: asubuhi ni zangu, jioni ni za mzee, na kila mmoja ajifunike kwa zamu yake. Jambo lililomshinda mume wangu tangu tulipopanda, yeye alilimaliza akimenya chungwa.

Sasa wewe unaniambia meli yenu ina ghorofa na bwawa la kuogelea. Nimeziona picha, nzuri. Bado ni meli. Huwezi kutoka nje ukapunge upepo hasira zikikupanda. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza mkeo anataka kuona nini, na umweke upande unaoonekana. Nenda naye peke yake. Wazazi wapelekeni safari yao, mwaka mwingine, na huyo mjomba akorome kwao. Beba kikapu kimoja, si masanduku. Beba ndimu. Jua choo kiko wapi kabla hujachagua pa kulala, na nisikilize mimi kwa hili hata kama mengine yote utayapuuza. Na usifurahishe watu wote siku moja, kwa sababu gharama ya furaha hiyo ataibeba mmoja, naye atakuwa yule asiyesema.

Baba mkwe hakupanda meli tena. Alifariki kabla ya kahawa ya mwaka uliofuata kuiva, na sehemu kubwa ya safari yake ya pekee aliitumia ndani ya blanketi. Ukiniuliza leo sura yake ilikuwaje, sijui, sikuwahi kuitazama. Blanketi lake ningelitambua popote.

Nenda basi, mwanangu. Mungu awatulizie maji, awape mlima wa kutazama na nafasi ya kusimama. Awape na mtu wa kujifunika kwa ajili yenu, na siku zamu yenu ikifika, mjifunike bila kungoja kuambiwa.