Wanunuzi wa Kiazi Kimoja

Juzi mjukuu wangu alinisomea gazetini kwamba kuna wataalamu ambao kazi yao ni kufuatilia ajali za miale ya leza, waone kama watu wanaoumia macho wanazidi au wanapungua. Nikamwambia kazi kama hiyo niliifanya miaka ya sabini, bila mshahara, nikiuza viazi mtaani Rhonda.

Viazi vyangu vilitoka Kuresoi kwa gunia. Mteja wa kawaida alinunua debe, au fungu la kupika jioni. Aliyetaka kimoja tu alikuwa na mgonjwa wa macho nyumbani. Mwanga wa kuchomelea vyuma ukikupiga mchana, huhisi chochote. Jua likizama ndipo unaona kama umetiwa mchanga machoni. Watu walikata kiazi vipande vyembamba wakavilaza juu ya kope. Dawa hakikuwa. Kilikuwa baridi, basi.

Kwa hiyo nilijua. Gereji ya mtaani ikipata kazi ya kuunda mabodi ya mabasi, wanunuzi wa kimoja waliongezeka. Kazi ikipoa, walipotea. Niliwauliza wake za mafundi kwa nini waume zao hawavai kioo cheusi. Kumbe kioo kilikuwa kimoja, wakipokezana. Aliyekikosa alifumba macho na kubahatisha.

Mume wangu alikuwa fundi palepale. Hakuwahi kurudi nyumbani na macho mekundu, nami nilijivuna mbele ya wale wanawake. Mtu wangu ana akili, niliwaambia.

Kisha mabasi yakazidi, naye akaanza kulala nje. Alisema ni kazi ya haraka. Jirani akaninong'oneza kwamba anaonekana akiingia kwa mwanamke fulani karibu na gereji. Siku za mwizi ni arobaini, nikajisemea. Jioni moja nikafunga leso kiunoni nikaenda, na hasira niliyokuwa nayo ingepasua mlango.

Mwanamke alikuwepo kweli. Alikuwa mkubwa kwa umri kuliko mama yangu, muuza viazi kama mimi. Mume wangu alilala chali kwenye benchi kibandani mwake, vipande viwili vya kiazi machoni.

"Usigombane, mama," yule bibi mzee akaniambia. "Huyu ni kastoma tu. Ananunua waru moja moja tangu mvua ianze."

Nikamgeukia mume wangu. "Na viazi vyangu je? Vina sumu?"

"Ungejua," akasema. "Halafu ungenikataza kazi."

Ni kweli, ningemkataza. Hasira iliniisha, nikaogopa. Nilimwondolea vile vipande nikamwambia anitazame. Aligeuza kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili, kama kuku anayetafuta punje.

"Kitambaa chako cha kichwani nakiona," akasema. "Na masikio. Uso ndio siuoni."