Njia ya Kuku

Wenye magari ya fowili, yale ya kupita porini na topeni, wote mjini walimjua Mama Turubai, na yeye aliwajua kwa harufu. Hakuhitaji kumwona mtu uso. Turubai likiletwa kushonwa, alilikunjua mezani, akanusa mara moja, akaziba pua, akajua: hili la daktari wa meno, mchuzi wa nyama umeganda kwenye pindo, hili la wakala wa bima, kuna mtu alilewa akatapika kwenye kona, wakalikunja hivyohivyo na kuondoka. Wanaume wazima, wenye wake na ofisi zenye mazulia, wanashindwa kulimwagia turubai ndoo moja ya maji kabla ya kumpelekea mwanamke alishone.

"Hivi kinyaa hamkijui?" aliwauliza siku moja.

Wakacheka. "Mama, hiyo ndiyo safari yenyewe!"

Kibanda chake kilipakana na gereji. Ndani mlikuwa na cherehani nzito ya chuma, marobota ya turubai, nyundo, na vijipete vya shaba vya kupitishia kamba. Kazi aliipenda. Alishona mahema ya kufungwa juu ya gari, vifuniko vya viti na mifuko ya vifaa. Wenye magari ndio waliomchosha. Kila Jumamosi walijazana hapo gereji kuonyeshana: huyu kaongeza springi, yule kabadili bampa, mwingine kafunga bomba la kupumulia linalopanda mpaka paani ili injini isimeze maji, na mto wenyewe wa karibu maji yake ni ya magotini. Na tope sasa! Tope halioshwi. Kwao tope ni nishani. Mtu katoka porini Jumapili, Ijumaa bado anaegesha gari mbele ya ofisi likidondosha mabonge mlangoni pa watu. Mwenye duka la vigae alikosa safari moja kwa sababu ya harusi, akakutwa nyuma ya duka lake analipaka gari udongo kwa ndoo na ufagio. Mama Turubai alikula kiapo kwamba alimwona kwa macho yake mawili.

Haya yote angeyacheka akaendelea na mshono wake, kama kiongozi wao asingekuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Walimwita Kamanda, na jina likampanda kichwani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gari alilotambia lilikuwa la marehemu baba yao, gari kuukuu lililobeba magunia ya viazi, wagonjwa, maiti, na maharusi wawili watatu. Baba alilifuta kila jioni, na mkewe akitaka kupanda, alimfungulia mlango mwenyewe. Kamanda alipolirithi aling'oa viti vya nyuma, akaweka friji na masanduku ya vifaa. Akalinyanyua, akalivisha matairi yanayofika mtu kiunoni, na mbele akafunga kiti cha mashindano, kile cha kubana nyonga. Mama yao, ambaye gari ni la mumewe, sasa alilipanda kwa kigoda huku anasukumwa mgongoni kama gunia.

Na mama huyo alikuwa na ombi moja tu. Dada yake mkubwa, ng'ambo ya milima, alikuwa kitandani na ilijulikana kwamba hatainuka. Msimu wa mvua mabasi huko hayaendi. Mama alitaka afike wazungumze wakati ulimi wa mwenzake bado unafanya kazi.

"Tuna maneno yetu mimi na dada," alisema. "Si ya kusemwa kwenye simu."

"Nitakupeleka, Mama," alisema Kamanda. "Ngoja nimalizie shokamzoba."

Shokamzoba zikaisha, ikawa winchi, mashine ya kujivuta kwa waya. Winchi ikafungwa, zikawa taa. Majirani wakamfariji mama kwamba mvumilivu hula mbivu. Mama Turubai akawajibu kwamba mbivu nazo huoza.

Siku binti wa mama mkubwa alipopiga simu akilia, Mama Turubai aliacha sindano imezama kwenye turubai, akaenda gereji akamshika mdogo wake ukosi mbele za watu.

"Kesho tunakwenda kwa mama mkubwa."

"Kesho kuna msafara wa klabu, Dada."

"Basi msafara na uelekee huko."

Kamanda akafikiri, uso ukamchangamka. "Unajua kweli? Huko kuna tope zuri." Tope zuri! Mtu anaambiwa habari za mama yake mkubwa anayekata roho, anawaza tope.

Wakaondoka asubuhi, magari manne. Mama alikaa mbele, amebanwa kitini. Mama Turubai alikaa nyuma juu ya sanduku la vifaa, amekumbatia friji. Njia nzima redio za mkononi zikikoroma: "Kamanda, unanipata?" "Nakupata." Na huku wanaonana kwa macho.

Sasa klabu hii ina sheria yake. Palipo na tope, na pembeni pana njia kavu ya kuzungukia, hiyo njia kavu huitwa njia ya kuku. Anayepita huko ni kuku, na atabaki kuku mpaka siku atakapokwama mahali pa heshima. Daktari wa meno aliwahi kupita huko kwa sababu mkewe alikuwa na mimba kubwa garini. Mtoto sasa anasoma shule, na baba yake bado wakimwona wanamlilia ko-ko-ko.

Bondeni, chini ya kilima cha mwisho, wakakuta dimbwi refu lenye rangi ya chai ya maziwa. Kushoto kwake ilikuwapo njia ya kuku, kavu, imelainishwa na baiskeli. Nyumba ya mama mkubwa ilionekana kule juu, bati likimetameta.

"Pita hapo kando," alisema mama.

Kamanda akatazama kioo. Nyuma yake magari matatu yalikuwa yamesimama, na simu zimekwisha kutolewa madirishani.

"Hili dogo, Mama."

"Sikukuuliza ukubwa wake, mwanangu. Pita kando."

"Shikilia, Mama," akasema, akatia gia.

Gari likaingia kwa kishindo, likapiga mbizi, likatulia. Matairi yakazunguka bure yakirusha matope mpaka vioo vikawa vipofu. Likatitia upande wa mama, na maji yakamwingia miguuni, kwenye viatu alivyovipaka rangi jana yake. Nje, wanaume wakashangilia. Kamba hawakuleta. Kwa desturi yao aliyekwama havutwi mpaka kila mmoja ampige picha. Wakala wa bima alijipaka tope mashavuni kwa hiari yake, akapanda juu ya bampa, akatoa meno. Mama Turubai akaziba pua kama yuko mezani kwake. Si kwa ajili ya tope. Tope ni udongo na maji, halijamkosea mtu.

Walipomaliza kupiga picha, ikaonekana hakuna mti wa karibu wa kufungia waya wa winchi. Wakatafuta kitu cha kutandika chini ya gurudumu. Mmoja wao akafungua mlango wa nyuma, akachomoa blanketi jekundu, jipya, bado limo kwenye nailoni yake, akalilaza topeni. Kamanda akakanyaga mafuta. Gurudumu likalimeza, likalitema nyuma tambara tupu. Mama alikuwa amemchukulia dada yake blanketi hilo, kwa sababu ya baridi ya milimani.

"Hilo la mgonjwa!" Mama Turubai akapiga kelele.

"Tutanunua jingine, Dada," akasema Kamanda. "Hebu inama, unaziba kamera."

Mama alikuwa anatazama lile bati kule juu.

Hapo kikaja kigari kidogo cha kubebea maziwa, madebe yakigongana, kikapita njia ya kuku polepole. Wanaume wakakililia ko-ko-ko. Dereva akasimama kando ya dimbwi.

"Mama zangu, mnapanda juu? Njooni."

Mama Turubai akavua viatu, akashuka topeni, akambeba mama yake mgongoni. Mwenye duka la vigae akaipiga picha na hiyo.

Nyumbani walikuta watu wamekaa kimya uani. Mama mkubwa alikuwa hai. Kifua kilipanda na kushuka, macho yamefumba, mdomo umelegea. Mama akaketi kitandani, akamshika mkono, akamwita kwa jina la utotoni. Hakujibiwa.

"Alikuwa anaongea, mama mdogo," alisema binti wa mgonjwa. "Asubuhi kaamka na akili zake zote. Anauliza, mdogo wangu kafika? Namwambia yupo bondeni, magari tunayaona. Kauliza, kauliza, mpaka akachoka kuuliza. Sasa hivi tu, kabla hamjaingia."

Mama akainama sikioni pa dada yake, akaanza kumwambia yale maneno yao, taratibu, kama anayesikilizwa. Mama Turubai akatoka nje, kwa maana hayakuwa yake.

Jua likishuka, honi zikasikika. Kamanda akaruka chini, tope tangu nywele mpaka buti.

"Tumetoka, Dada! Bila trekta!"

Mama Turubai akamzuia mlangoni, akamwambia aliyoyasema binti, neno kwa neno. Kamanda akavua kofia, akajikuna shingo.

"Unajua tatizo lilikuwa difu," akasema. "Difu ya mbele haikushika. Ingeshika, mara moja tungekuwa ng'ambo. Na haya matairi nayo, nilimwambia fundi, upepo umezidi." Akaendelea, mikono ikionyesha jinsi gurudumu linavyotakiwa kuzunguka.

Mama Turubai alimsikiliza mpaka mwisho. Alitaka aone kama katika maneno yote hayo mama yao atatajwa. Hakutajwa. Akaingia ndani, akafunga mlango.