Anayesindikiza Magari hadi Mteremkoni

Saa moja asubuhi, miguu miwili inachungulia chini ya gari-nyumba, lile kama basi lenye kitanda na jiko ndani. Ukidhani kuna mtu kaanguka, hujakosea sana. Mama Cheni hulala chini ya magari zaidi kuliko anavyolala kitandani.

Kazi yake ni kuunga gari dogo nyuma ya hiyo nyumba, ili wenye safari wakifika wawe na cha kuendea sokoni. Anafunga chuma cha kukokotea, anatoa gia, anashusha breki ya mkono, anajaribu taa. Mwisho anakatiza cheni mbili chini ya chuma. Kikichomoka, kinadakwa kama mtoto kwenye mbeleko.

Leo cheni moja imepasuka. Mteja, mstaafu mwenye kofia kubwa kuliko subira yake, anasema iliyobaki inatosha. Tajiri wa gereji naye anamwonya fundi wake: mteja akiondoka na hasira, na yeye akusanye spana zake.

"Mzee wangu," Mama Cheni anamwambia mteja, "ukiwa kule mbele huhisi kitu. Gari litachomoka, wewe unasikiliza redio."

Anajua. Mumewe alikuwa akipanda mteremko wa barabara kuu kwa baiskeli, gari lisilo na dereva likamshukia. Aliyekuwa akilivuta alikutwa mbali, akauliza, "Gari gani?"

"Sikupata hata wa kumgombeza," anasema mjane huyo. "Usukani mtupu utauambia nini?"

Mteja anawasha injini. Mama Cheni anakaa juu ya chuma.

Anayeshuka ni mke wa mteja. Anageuza ndoo, anakalia. "Huyu kanivuta miaka yote kwa cheni moja," anasema. "Leo nataka mbili."

Cheni mpya inafungwa adhuhuri. Tajiri hacheki; anamwambia Mama Cheni kesho asije.

Anafunga spana zake kwenye khanga, analifuata gari kwa miguu hadi kileleni mwa mteremko ule, kama anavyosindikiza kila gari aliloliunga. Wateja wanapunga mkono. Yeye ametega sikio.

Kesho, anasema, atakuja kukaa hapa hapa na cheni zake.

"Atakayesimama nitamkagua, bure. Asiyesimama…"

Anageuza sikio tena mteremkoni. Gari bado halijapita kona.