Wapangaji Wangu wa Kwanza Walikuwa Vyura

Sogeeni hapa jamani, na mwenye kikombe kitupu ajaze sasa hivi, maana mimi nikianza sisimami hata jiko liungue. Nataka niwaambie nilivyoanza kuwa mama mwenye nyumba, mimi niliyeacha shule kabla shule haijanizoea.

Kwetu Kibosho mnajua mambo yalivyo. Kihamba cha baba, na migomba yake na kahawa yake, wanarithi watoto wa kiume. Nyumba yenyewe anachukua kitindamimba. Mtoto wa kike anachukua shikamoo zake anaondoka. Sasa ndoa yangu ilipokufa nikarudi, na mdogo wangu wa mwisho, ndiye mrithi, akanipa chumba nyuma ya zizi. Ukuta mwembamba, ng'ombe akicheua mimi ndiye nashiba.

Nikasema hapana. Nitanunua kiwanja changu, nijenge vyumba vya kupangisha, na safari hii mimi ndiye niseme nani alale wapi.

Nikabeba ndizi kichwani kushuka sokoni Moshi, miaka na miaka, mpaka shingo ikaingia kifuani. Ndiyo maana mkufu nauvaa kiunoni. Nikauza na mtamba wangu wa pekee. Dalali mmoja akanipeleka Mabogini, kiangazi, jua limekausha mpaka nzi wanatembea kwa miguu.

Jamani, kiwanja kimenyooka kama meza! Sisi wa mlimani tumezoea ukidondosha chungwa unalifuata kwa jirani wa tatu. Pale nikadondosha kikombe makusudi, kikatulia palepale. Machozi yakanitoka.

"Mama, umeridhika?" dalali akauliza.

"Leta wino," nikamwambia.

Tukaenda ofisi ya kijiji, mwenyekiti yupo, mashahidi wapo, nikabonyeza dole gumba kwa nguvu mpaka meza nayo ikasaini.

Sikumuuliza mtu vile vituta kwenye mashamba ya majirani ni vya nini. Kwetu maji ni kitu kinachopita kwenye mfereji kinakwenda zake, nani anauliza kinakwenda wapi? Masika ilipofika nikajua. Yalikuwa yanakuja kwangu. Mtu akinawa miguu Kibosho, mimi napokea. Msingi niliouanza ukazama wote, na vyura wakahamia bila mkataba, kila mmoja kaja na ukoo wake. Hao ndio wapangaji wangu wa kwanza.

Mdogo wangu akashuka kuja kuona. Akasimama barabarani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada, umenunua bwawa. Uza hata kwa hasara, urudi nyumbani. Chumba chako kipo."

"Na ng'ombe?"

"Nao wapo."

"Basi lala nao wewe mwenye zizi. Mimi sirudi."

"Utakaa na vyura?"

"Chura hajawahi kuniambia hapa ni kwa baba yake."

Akaondoka amenuna. Na mimi, niwaambie ukweli, nikabaki nimesimama kwenye maji ya magoti, sina hata wazo moja. Ndipo mkulima wa jirani akanisogelea, jembe begani.

"Mama, shikamoo. Hili jaruba lako unalima mpunga mwenyewe au unakodisha?"

Kumbe nina jaruba. Nikakaza uso kama mtu aliyepanga hivyo tangu tumboni mwa mama yake.

"Marahaba. Nakodisha."

Kodi yangu ya kwanza ikaja kwenye magunia, mpunga unanukia mpaka paka wa Moshi mjini wakahamia Mabogini. Nikauza, msimu kwa msimu, nikamwaga kifusi kona moja mpaka ikapanda juu ya maji, nikasimamisha vyumba viwili vyenye watu wanaolipa. Vyura bado wapo. Kuwafukuza nimeshindwa.

Krismasi ukoo wote ukapanda mlimani. Nikaja na mchele wa shambani kwangu, nikapika pilau kwenye sufuria ambayo ng'ombe angeweza kuogelea ndani. Mdogo wangu alipomaliza sahani ya tatu akasimama, akafuta mdomo, akakohoa kama askofu.

"Ndugu zangu, dada yetu ameshahangaika vya kutosha. Nimeona auze huko chini, arudi, na pesa tupige bati jipya nyumba ya baba."

Wajomba wakatingisha vichwa kukubali. Shangazi naye akatingisha. Nikaona hapa nikinyamaza, nalala tena na ng'ombe.

"Nyumba ya baba ulipewa wewe," nikasema. "Ikivuja inakuvujia wewe. Kiwanja changu hakiuzwi. Na pilau uliyokula imetoka humohumo."

Hata kuku wakaacha kuparua. Mke wake alikuwa amekaa pembeni yake, bega kwa bega, na miaka yote ile nilikuwa sijamsikia akisema kitu zaidi ya karibu. Akaweka kijiko chini, akanigeukia.

"Wifi," akasema, "mtu akitaka kununua huko chini mume wake asijue, anaanzia wapi?"