Picha ya Pikapu Yangu

Binti yangu mkubwa alinipigia simu asubuhi na sauti ya mtu aliyeshika mwizi. Mambo yangu yote ya serikali ya mtandaoni yeye ndiye aliyeniandikishia, tena kwa namba yake ya simu, kwa hivyo kamera ya barabarani ikiwa na neno na mimi inamwambia yeye kwanza. Akasema pikapu yangu imenaswa ikienda mbio kati ya Rongai na Nakuru, na faini imekuja. Kisha akasema kile alichotaka kusema tangu ugonjwa wa sukari unishike: kwamba mwisho wa mwezi atakuja na ndugu zake, na funguo nitawapa.

Watoto wangu nawapenda. Lakini pikapu hiyo niliinunua kwa jasho la magunia ya mahindi. Nilianza nikibeba kwa mgongo, nikaenda kwa mkokoteni wa punda, nikaendesha malori ya watu, mpaka nikapata gari la kwangu. Mimi na shule tuliachana mapema, na karatasi ya maana niliyopata kwa akili yangu ni leseni. Haijawahi kuwa na doa. Barabara ile naijua. Lori likija mbele likaniwashia taa, najua polisi wamekaa huko na kamera yao ya kupima mwendo, napunguza. Nami nikishawapita, nawawashia wanaokuja. Hivyo ndivyo madereva tunavyochungana. Sasa ninyang'anywe funguo na mtoto niliyemsomesha kwa gari hilo hilo? Hapo ni kama kuambiwa nikae jikoni nisubiri uji.

Nikamuuliza ni siku gani. Aliponitajia, nilicheka. Siku hiyo ndiyo nilianguka shambani. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, na mimi nikameza dawa ya sukari nikakimbilia mashine bila kula, kwa sababu nikiona kazi nasahau tumbo. Nilizinduka hospitalini Nakuru, mpira wa dripu kwa mkono, na daktari ananiambia ningechelewa kidogo wangenipokelea mlango ule mwingine. Mke wangu alisema aliita gari la kukodi likanileta. Basi mtu aliyezimia ataendeshaje pikapu? Nikamwambia binti yangu mashine imedanganya, na nitaenda kuiambia hivyo uso kwa uso.

Mke wangu alikuwa akichambua maharagwe. Alisema tulipe tu tuachane na maneno. Nikamwambia silipi kosa ambalo si langu, na yeye atakuja kuwa shahidi kwamba siku hiyo nilikuwa nusu maiti. Akasema magoti yanamuuma. Nikasema ndani ya gari hakuna kutembea. Njia nzima hakufungua mdomo, na mimi nikaongea kwa niaba ya wawili.

Afande aliyetupokea pale kituoni alikuwa mwanamke kijana. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikamwambia hiyo kamera yao ifungwe macho. Alinisikiliza mpaka mwisho, na si watu wengi wa ofisi hunisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza kompyuta nione.

Pikapu ilikuwa yangu. Mkwaruzo wa bampa ulikuwa wangu pia. Upande wa abiria palikuwa na mzee amelalia dirisha, mdomo wazi, amefungwa mkanda, na juu ya mkanda amefungwa tena leso asianguke. Kwenye usukani alikuwa mama mmoja amejiinamisha mpaka kidevu kinakaribia kugusa honi. Kitambaa cha kichwa nilikijua. Mimi ndiye niliyekinunua.

"Mzee," afande akauliza, "huyu anayeendesha ni nani?"

Nilimwangalia mke wangu. Alikuwa anaangalia sakafu. Nilimfunza kushika usukani miaka mingi iliyopita, lakini ni pale shambani tu, asogeze gari tukipakia magunia. Lami hakuwahi kuigusa. Na nyumbani kwangu kila mtu anajua amri: pikapu haishikwi na mtu mwingine. Ndiyo maana alitunga lile gari la kukodi, na pikapu akairudisha nyumbani nikiwa bado nimelazwa.

"Ni dereva wangu," nikasema.

"Ana leseni?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Sina, afande. Wenye magari niliwapigia wakaniambia nisubiri. Na huyu alikuwa ameanza kuwa baridi."

Afande akamuuliza, kwa upole, kama hakujua kwamba anaenda mbio.

"Nilianza polepole," mke wangu akasema. "Lakini kila lori lililokuja lilikuwa linaniwashia taa. Nikajua wameona niko na mgonjwa, wananiambia nikimbie. Nikakanyaga. Nikawapungia mkono kuwashukuru."

Afande alifunika mdomo. Askari wa meza ya pili aligeukia ukuta, mabega yakamtetemeka. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza, halafu kicheko kikanigeuka, nikatafuta kitambaa mfukoni. Madereva wote wale walikuwa wanamwambia apunguze, na kama angewaelewa, mimi singekuwa naandika haya.

Afande alipotulia alisema faini ya mwendo tutalipa, hiyo haina mjadala. "Leseni kamera haikuuliza," akasema. "Lakini mimi nimeuliza, na nimesikia. Mama, siku nitakupata kwa lami bila leseni, huyu mzee hatakusaidia."

Nikamwambia amesema kweli. Nililipa siku hiyo hiyo, mimi ambaye hugombana hata na watoza ada ya parking, nikalipa kama mtu anayetoa sadaka ya shukrani. Nikamwomba afande amruhusu mke wangu aipige ile picha kwa simu, akakubali. Tumeishi pamoja mpaka mvi, na hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo tukiwa wawili ndani ya gari.

Tulipotoka aliniuliza kama nimekasirika kwamba aliishika pikapu. Nikamuuliza angeniacha shambani, pikapu ingekuwa ya nani?

Mwisho wa mwezi watoto walikuja, nyuso zimekazwa. Walipata pikapu ina L mbele na nyuma, mama yao kwenye usukani, ametoka darasa la udereva, nami nimekaa kando yake kwa sababu mwanafunzi lazima akae na mwenye leseni. Binti yangu akaniuliza funguo ziko wapi. Nikamwambia amuulize dereva.

Sasa tunaenda kliniki Nakuru hivyo. Nimemfunza maana ya zile taa, na zikiwaka anapunguza vizuri kabisa. Lakini bado anawapungia mkono wenye malori. Siku hizi nami nawapungia.